Halibut wa Upper Hill na gayogayo wetu: mjue samaki unayemlipia

Upper Hill, kile kilima kilichoko magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, zamani kilikuwa mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli, zenye bustani na miti mikubwa. Leo ni mtaa wa maghorofa ya benki na bima, ofisi za serikali, hoteli na hospitali. Wapwani tunaofanya kazi huku si wachache, na wanaopanda huku na mgonjwa wao kuja Hospitali Kuu ya Kenyatta au kwa madaktari wa Ragati Road ni wengi zaidi. Sote twala huku huku. Na kwenye menyu za hoteli za huku kuna jina moja ambalo jamaa wa Mombasa, Malindi na Lamu wameniuliza habari zake mara nyingi: halibut. Ni samaki gani huyu? Kwetu yuko? Astahili bei anayouzwa? Maswali hayo nayajibu hapa kwa mpangilio, ili mtu akiagiza ajue analipia nini.

Halibut ni nani?

Halibut ni samaki bapa, yaani samaki aliyelala ubavu, mwenye macho yote mawili upande mmoja wa mwili. Jina lenyewe ni la Kiingereza cha kale, lililounganishwa kutokana na maneno mawili: moja lenye maana ya utakatifu na jingine lenye maana ya samaki bapa. Wakristo wa Ulaya ya zamani walikatazwa nyama siku zao za ibada, wakala samaki, na huyu akawa samaki wa siku hizo.

Halibut wenyewe, wale ambao jina ni lao hasa, ni wa bahari za baridi za kaskazini. Wa Atlantiki huitwa na wanasayansi *Hippoglossus hippoglossus*, na wa Pasifiki *Hippoglossus stenolepis*. Yuko pia wa Greenland, *Reinhardtius hippoglossoides*, ambaye mnofu wake una mafuta zaidi. Hao wawili wa kwanza ndio samaki bapa wakubwa kuliko wote duniani. Halibut wa Atlantiki hupita urefu wa mita 2, na waliozidi kilo 300 wamewahi kuvuliwa. Wa Pasifiki hupita kilo 200. Hukua polepole: majike wa Pasifiki hufika umri wa kuzaa wakiwa na kama miaka 12, na wamepatikana waliofika miaka 55. Samaki wa namna hiyo akivuliwa ovyo hachukui muda kumalizika, na hilo nitalirudia.

Jambo la ajabu ni kwamba samaki bapa hazaliwi bapa. Mtoto wake akitoka yaini huogelea wima kama changu au kolekole, jicho moja kila upande. Akikua kidogo, jicho moja huanza kuhama, likapanda juu ya kichwa na kuvuka kwenda upande wa pili. Kisha samaki hulala chini, upande usio na macho ukabaki mweupe, na upande wa juu ukapata rangi ya mchanga au tope. Hapo huwa tayari kwa maisha yake: kujifukia mchangani, kubakisha macho nje, na kungoja riziki ipite.

Watu wengi waliishi na samaki huyu wakamtafutia hadithi. Kule Misri, samaki bapa wa jamii ya ndimi huitwa samaki Musa. Wasimulizi husema kuwa Nabii Musa alipoipiga bahari kwa fimbo ikapasuka, samaki huyu alikuwa katikati, akagawanyika vipande viwili, na kila kipande kikaenda na maji ya upande wake. Ni hadithi ya watu wa pwani ile, si habari ya Msahafu, lakini yaonyesha jinsi umbo lake lilivyowashangaza wavuvi wa kila bahari.

Wa kwetu ni gayogayo

Halibut wa kaskazini hayuko katika bahari yetu, wala hajawahi kuwako. Maji yetu ni ya moto kwake. Lakini jamaa yake yuko. Wavuvi wa pwani yetu huwaita samaki bapa kwa jumla gayogayo. Dunia ina aina zaidi ya 700 za samaki bapa, na kwetu ziko kadhaa, nyingine ndogo kama kiganja cha mtoto. Aliye mkubwa na wa maana kwa chungu ni yule ambaye wanasayansi humwita *Psettodes erumei*, na ambaye katika biashara ya kimataifa huuzwa kwa jina la halibut wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mwenye hoteli akimuuza huyu kwa jina hilo zima, hajadanganya.

Gayogayo huyu anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, akapita Bara Hindi, hadi Japani na kaskazini mwa Australia. Hukaa chini, penye mchanga au tope, kwenye maji mafupi hadi kina cha kama mita 100. Hakui kama binamu zake wa kaskazini: aliye mkubwa hasa hufika kama sentimita 60 na uzito wa kilo kadhaa, naye hula samaki wenziwe.

Ukitaka kumtambua, tazama mambo manne. Kwanza, mdomo wake ni mkubwa na meno ni makali, si kama wale bapa wadogo wenye mdomo mfinyu. Pili, pezi la mgongoni huanzia nyuma ya kichwa, ilhali kwa bapa wengine huanzia kichwani, karibu na jicho au mbele yake. Tatu, jicho la juu limekaa ukingoni kabisa mwa kichwa, kana kwamba safari yake ya kuhama haikumalizika. Nne, kati ya gayogayo hawa wako wenye macho upande wa kulia na wako wenye macho upande wa kushoto, karibu sawa kwa sawa. Bapa wengi wengine wana upande mmoja wa kawaida. Kwa sababu hizo wataalamu humhesabu kuwa ndiye aliyebaki karibu zaidi na umbo la mababu wa samaki bapa wote. Hata kuogelea, mara nyingine huogelea wima.

Anavuliwaje

Pwani yetu haina kazi maalumu ya kuvua gayogayo. Hakuna nahodha atokaye alfajiri akasema leo twamfuata yeye. Huja kwenye mshipi wa mtu aliyetega chewa, au kwenye nyavu zilizotandazwa karibu na chini. Akifika dikoni hutupwa kwenye fungu la mchanganyiko, pamoja na samaki wadogo wa kila aina, na bei yake ni ya fungu. Mchuuzi akimnunua humpeleka kwa mama karanga, akakaangwa na kuuzwa kipande kipande. Nguru, jodari na changu wana wanunuzi wao wanaongoja. Gayogayo hana anayemngoja.

Wengi zaidi huvuliwa kwa njia nyingine, nayo ndiyo yenye uchungu. Ghuba ya Ungwana, baina ya Malindi na Lamu, hupokea maji na tope la mto Tana, na kusini yake mto Sabaki nao humwaga wake. Chini pale ni tope na mchanga, makazi ya kamba na ya gayogayo vilevile. Tangu miaka ya 1970 meli za trola zimekuwa zikiburura nyavu chini ya ghuba ile zikitafuta kamba. Wavu wa trola hauchagui. Hukusanya kamba pamoja na kila kilicholala chini, na samaki bapa, kwa kuwa kulala chini ndiyo maisha yao, hawana pa kukimbilia. Wavuvi wa Ngomeni, Kipini na Mambrui wamelalamika miaka mingi kuwa trola huwakatia nyavu zao na kuwamalizia samaki.

Malalamiko hayo yalifika mahali uvuvi wa trola ukasimamishwa mwaka 2006. Baadaye serikali ikatunga mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba wa mwaka 2010, na trola zikaruhusiwa kurudi mwaka 2011 kwa masharti: zisivue ndani ya maili 3 za bahari kutoka pwani, zivue mchana tu, nyavu zao ziwe na tundu la kuwatoa kasa, na zipumzike kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi. Masharti ni mazuri yakisimamiwa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, makao yake yako Mombasa, na vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, BMU, vina kanuni zake tangu 2007. Vyombo tunavyo. Kinachotakikana ni macho ya kutazama baharini usiku.

Kaskazini walijifunza nini

Halibut wa Atlantiki alivuliwa mno upande wa Marekani ya Kaskazini tangu karne ya 19, na hadi leo hajarudi kama alivyokuwa huko. Ndiyo maana halibut wengi wa porini waliomo sokoni leo ni wa Pasifiki, na wako wa Atlantiki wanaofugwa, kwa mfano huko Norway.

Kwa Pasifiki habari ni nyingine. Mwaka 1923 Kanada na Marekani zilitia saini mkataba wa kumlinda halibut, zikafunga uvuvi wake miezi mitatu ya baridi kila mwaka na kuunda tume ya pamoja ambayo bado ipo, makao yake Seattle. Mkataba ule ulikuwa wa kwanza ambao Kanada ilitia saini peke yake bila Uingereza kuweka mkono. Tazama basi: nchi ilianza kusema kwa sauti yake yenyewe juu ya jambo la samaki.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, huko Alaska mashua zilikuwa nyingi kiasi kwamba msimu mzima ulibaki siku moja au mbili za saa 24. Watu walitoka hata kwenye dhoruba, wengine wakazama, na samaki wote wakafika sokoni kwa pamoja na kugandishwa. Mwaka 1995 kila mwenye kazi akapewa fungu lake la kuvua, msimu ukarefuka hadi miezi kama minane, na samaki akaanza kufika sokoni akiwa mbichi na kwa bei nzuri. Njia hiyo nayo ina lawama zake, kwa kuwa mafungu huuzwa, na vijiji vidogo vilipoteza yao. Lakini somo moja halina ubishi: bei nzuri ya mvuvi huanza na samaki aliyehifadhiwa vizuri, baharini na mashuani.

Sahani ya Upper Hill

Halibut wa kweli akifika Nairobi huwa amesafiri kutoka nchi za mbali akiwa amegandishwa, akalipiwa nauli na ushuru. Hawezi kuwa rahisi. Kwa hiyo ukimwona kwa bei ya samaki wa kawaida, uliza.

Katika hoteli moja ya huku, ambayo sitaitaja, niliagiza halibut nikaletewa kipande cha sangara, yule wa Ziwa Viktoria ambaye Wajaluo humwita mbuta. Sina ugomvi na sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawa biashara kubwa hadi Ulaya, na ukimpika vizuri ni mtamu. Ugomvi wangu ni jina. Weita alipoulizwa alisema kwa upole, "Ni fileti, mzee." Fileti si samaki. Fileti ni mkato.

Udanganyifu huu si wa Nairobi peke yake. Nchini Marekani, shirika la Oceana lilipima sampuli zaidi ya 1,200 za samaki kutoka madukani na mikahawani, na taarifa yake ya 2013 ikaonyesha kuwa karibu moja katika kila tatu ilikuwa na jina lisilo lake. Samaki akishachunwa ngozi na kukatwa kichwa, jina lake limo kinywani mwa muuzaji.

Hata hivyo dalili ziko. Halibut wa kaskazini huletwa kama kipande kinene, cheupe pe, na akiiva hugawanyika kwa mapande makubwa yaliyo imara. Sangara naye ni mnene, lakini akiwa mbichi mnofu wake una wekundu kidogo na mafuta yenye umanjano. Pangasi wa kufugwa kutoka Vietnam, ambaye mara nyingine huandikwa dory, ni mwembamba, laini, mwenye maji mengi, na hana ladha ya bahari. Gayogayo wetu hutoa minofu minne, miwili juu na miwili chini, nayo ni myembamba kuliko ya halibut wa kaskazini. Ukiwa na shaka, omba uonyeshwe samaki kabla hajapikwa, au kipande chenye ngozi. Hoteli isiyo na la kuficha haitakasirika.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Kuuliza "huyu ni samaki gani, ametoka wapi?" ni haki, wala si ushamba.

Kwa mgonjwa na kwa jikoni

Wanaokuja Upper Hill na wagonjwa huambiwa mara nyingi: mpe samaki mweupe. Halibut na gayogayo wote wawili wamo. Gramu 100 za halibut zina karibu gramu 18 hadi 20 za protini na mafuta machache sana, isipokuwa yule wa Greenland. Mwenye maradhi ya figo asile kwa kukisia; protini yake hupimwa na daktari. Mwenye shinikizo la damu ajiepushe na ng'onda na kila samaki wa chumvi. Mjamzito ajue kuwa samaki wakubwa walao samaki wenzao na waishio miaka mingi hukusanya zebaki. Mamlaka za afya za Marekani humshauri asile halibut zaidi ya mara moja kwa wiki.

Anayetaka gayogayo Nairobi na awe na jamaa pwani. Atumwe na basi la usiku ndani ya sanduku la barafu, awe ametolewa matumbo. Akifika, tazama macho yawe hayajazama, mashavu yawe mekundu kwa ndani, na ukimbonyeza mnofu urudi. Kumwandaa ni rahisi: paa magamba pande zote mbili, pasua mdogo karibu na kichwa, kwa kuwa matumbo yake yamo kwenye kijishimo kidogo huko mbele. Mifupa yake imekaa katikati, hivyo hata mtoto na mzee humla bila taabu.

Kwa kuwa hana mafuta mengi, moto mkali humkausha. Kaanga upesi, au mpake: mchanje pande zote, mtie chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, mchome hadi karibu kuiva, kisha mmwagie tui zito lililopikwa na ukwaju na bizari, umrudishe motoni kidogo. Wali wa nazi pembeni, na hutamkumbuka halibut wa Alaska.

Rai yangu

Wako watakaosema, mwacheni gayogayo alivyo. Akipata jina kubwa Nairobi atavuliwa akaisha. Hofu hiyo ni ya haki, na mfano wa Atlantiki nimeutaja mwenyewe. Wengine watasema hoteli haiwezi kumtegemea samaki ambaye msimu wa kusi huadimika. Hilo nalo ni kweli. Lakini leo hii gayogayo anaburuzwa na trola akiwa hana jina wala bei, na anayevuliwa kwa mshipi anauzwa kwa fungu, huku mlaji wa Upper Hill akilipia jina la kigeni na kupewa samaki mwingine. Katika mpango huo anayepata si mvuvi wala si mlaji.

Kizuri chajiuza, husema wazee, lakini kisicho na jina hakijiuzi. BMU zetu na zimtenge gayogayo mkubwa kutoka kwenye fungu, zimtie barafu tangu mashuani, zimpime na kuandika alivuliwa wapi na kwa chombo gani. Wadogo warudishwe majini wakiwa hai. Hoteli za Nairobi nazo ziandike kwenye menyu "gayogayo wa Lamu" au "gayogayo wa Kipini" siku akiwapo, na siku hayupo ziandike sangara kwa jina lake. Na sisi wapwani tulioko huku juu tuanze kumuagiza kwa jina hilo, kwa Kiswahili, hadi weita alizoee.